Mkungu wa Ndizi Umepanda Ndege

Mji Mkongwe, Unguja

Shikamoo Mama,

Ndizi zimefika salama, nguo zangu zimebaki. Ndege ya uwanja wa Kisongo ni ndogo, walitupima kwenye mizani sisi pamoja na mizigo. Rubani akaniambia, "Dada, chagua: begi au mkungu." Ningemtazamaje mwanao Neema, mzazi wa siku nne, bila mtori wa ndizi zako?

Nilishuka na sweta la Arusha, Mama, joto nusura liniue! Sasa nashinda na kanga za mama mkwe wa Neema. Yeye alishikilia kwamba mzazi anywe uji wa pilipili manga tu. Leo yeye mwenyewe kaonja mtori, kamaliza bakuli mbili.

Mjukuu ana pua yako. Begi usihangaike kulituma; tuma mkungu mwingine.

Mwanao akupendaye,
Anna