Nyongeza ya Kigiriki

Shikamoo Shangazi,

Joto la Guangzhou linanata kama la kwetu. Nguzo zako za Kigiriki za jukwaa la maharusi nimezipata, nyeupe pe! Nikadai nyongeza, maana umenifunza nisitoke dukani bila nyongeza. Laoban, bosi wa duka, akacheka, akaniletea sanamu la mpiga mieleka wa Ugiriki ya kale. Misuli tele, nguo hana. Anasema Wagiriki walishindana hivyohivyo. Sasa cha bure nikikatae, mimi uliyenilea wewe? Nimemfunga kiunoni ile kanga uliyonipa ya safari, kapendeza.

Kontena likifika, tafadhali hiyo kanga usiifungue mbele ya watu. Nakujua, utachungulia kwanza peke yako.

Nimekukumbuka mno,
Mwanao Zuhura