Niliwalisha Sungura wa Wifi Yangu Matawi ya Mparachichi

Dada mshauri, salamu nyingi. Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya saluni yangu, kati ya ndoo na maboksi ya nywele bandia, wateja wanadhani natafuta kitana kumbe nalia, naomba unisaidie maana mimi nimefika mwisho.

Mimi ni msusi, nina mume na watoto wawili, na tunaishi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye alirudi miaka mitatu iliyopita baada ya mimba mbili kuharibika na mumewe kumwambia waziwazi kwamba nyumba yake si kaburi, na alipokuja kwetu hakuwa na kitu ila begi na kizimba cha simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaolia kama filimbi, basi akawafuga, akaongeza na sungura, wakafika tisa, na nisikufiche, wale ndio waliokuwa wanamtoa kitandani asubuhi.

Mwezi uliopita alilazwa siku nne, upasuaji wa kidole tumbo. Kabla ya kwenda aliniambia, "Wifi, nyasi kavu zipo kwenye gunia, na kila siku wakatie tawi la mpera wagugune, meno yao hayaachi kukua. Mpera tu, usiwape mti usioujua." Nikamjibu nenda kapone, hao niachie mimi. Siku ya kwanza nilikata mpera. Ya pili saluni ilijaa, kuna bibi harusi na wasimamizi wake, na mpera wenyewe uko ng'ambo ya barabara nyuma ya karakana, na mwenye nyumba alikuwa ametoka kupunguza mparachichi uliolalia paa, matawi yamerundikwa pale mlangoni kwangu, mabichi, majani mapana, nikasema moyoni mti ni mti, nikabeba mzigo mzima nikawatupia. Walivyokula, dada, nikajiona mjanja.

Kesho yake asubuhi wawili wamelala ubavu, wengine wamejikunyata wanahema, na kufika jioni watano wamekufa. Nikamwita daktari wa mifugo, akauliza wamekula nini, na mimi kwa aibu ya kuonekana mvivu nikasema mpera. Akasema afadhali, maana kuna watu huwapa mparachichi na ule ni sumu kwao. Hapo nikajua ni mimi niliyewaua, na bado sikuurekebisha uwongo. Kwa uwongo wangu akawapa dawa ya tumbo, na wawili zaidi wakafa siku iliyofuata. Matawi yaliyobaki niliyachoma.

Wifi aliporudi akakuta sungura mmoja na simbilisi mmoja. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Alisema ni yeye, eti asubuhi ya kwenda hospitali aliwapa nyasi zenye umande kwa haraka zake, na kwamba mkono wake una mkosi, kila anachokishika kinakufa, watoto wake, ndoa yake, sasa na hawa. Chakula hagusi. Juzi binti yangu wa miaka minne alimkimbilia, wifi akaficha mikono nyuma ya mgongo akamwambia, "Usinishike, nenda kwa mama yako." Mume wangu anasema ni wanyama tu, atasahau. Na hao wawili waliobaki wifi amepanga kumpa yeyote atakayewataka, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, "kabla sijawamaliza."

Nikimwambia ataondoka, na hana pa kwenda. Nisipomwambia anaisha mbele ya macho yangu. Mara tatu nimefungua mdomo nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Nifanyeje? Gazeti lenu tunalipata hapa saluni kila Jumamosi, na wifi ndiye aliyekuwa akitusomea ukurasa wako kwa sauti, wateja wakicheka. Siku hizi anausoma kimya.

Ni mimi, Msusi Niliyenyamaza.

MSHAURI ANAJIBU

Msusi, pole. Hiyo pole ni ya wanyama saba na ya usingizi ulioukosa. Sasa kaa vizuri, maana yanayofuata si pole.

Kuwapa mparachichi kulikuwa uvivu na kutojua, na wengi wamekosea hivyohivyo kwa kudhani sungura hula kila jani. Lakini daktari alipofunga mkoba wake, wewe ulishajua. Tangu siku hiyo, kila unapomwona wifi yako akificha mikono na ukanyamaza, unamlisha na yeye mparachichi.

Unaogopa ataondoka. Mwenzangu, mtu asiyekula na asiyetaka kushikwa na mtoto ameshaanza kuondoka. Mrudishe hospitali wiki hii, na usiseme ni kidonda tu, sema yote, apate mtu wa kuzungumza naye. Na mumeo aache hilo neno lake la "wanyama tu". Lisingemtosha kama angekuwa amepoteza alivyopoteza dada yake.

Hao wawili wasitoke. Mpigie daktari umwambie ukweli, kwa sababu na wao walikuwepo siku ile. Wape nyasi kavu na maji safi, na matawi ya mpera, mforosadi au mtufaha, yaliyokatwa mbali na moshi wa magari na dawa za kupulizia, kisha yakaoshwa. Mparachichi kamwe. Mpichi hapana, na miti ya maua ya uani hapana. Yote haya wifi yako alishakwambia kwa maneno matano, ukayaona mengi.

Sasa nikwambie nilichokiona. Una mume, una simu, una miguu, ukaamua kuniandikia mimi, kwenye ukurasa ambao unajua nani anausoma. Hukutaka ushauri. Ulitaka nimwambie mimi. Kwa hilo nilikaribia kuitupa barua yako, na nimeichapa kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Kama umelishika gazeti kabla yake, liweke chini. Mwache mteja na kichwa nusu. Mwambie: nilikuwa mvivu, niliwapa mparachichi, nikamdanganya daktari, nikakuachia wewe mzigo. Usiongeze "lakini". Akilia, kaa. Akikutukana, kaa. Akitaka kwenda, mbebee begi, umwambie mlango hautafungwa.

Na kama ni wewe, wifi mtu, uliyetangulia kulifungua, nisikilize mama. Umande wa asubuhi moja haukuwaua wale saba. Mikono yako iliwapokea wawili ikawafikisha tisa. Mwenye la kukwambia yuko hapo nyuma yako, anasuka. Geuka umwangalie.