Karatasi Zenye Mhuri

Machi 3

Mdogo wangu,

Hujambo wewe, na wifi, na hao wanne wako watundu? Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia masufuria ya watoto sitini.

Nina habari njema. Chiriku, yule binti wa miaka tisa tuliyemtoa stendi, yule wa maneno mengi niliyekusimulia, amechukuliwa na shangazi yake. Mkuu wa makao yetu ya watoto alisita, maana mtoto alisema hamjui huyo mama. Lakini mama alikuwa na barua ya ofisi yenu ya kijiji, kwamba ni shangazi yake na anaishi huko. Nikamwambia mkuu, "Huu ni mkono wa mdogo wangu. Yeye hagongi mhuri kwenye uongo." Chiriku aling'ang'ania aproni yangu, nikambandua vidole mwenyewe, nikamwambia aache deko. Mpitie huko kwenu, unijulishe anaendeleaje.

Dada yako

Machi 21

Dada,

Shikamoo. Kiafya hatujambo, ila moyo wangu haujatulia. Huyo mama hayupo hapa. Nimeuliza nyumba kwa nyumba, hakuna anayemjua.

Nikueleze ukweli. Siku ninazokwenda shamba huwa namwachia muuza duka jirani karatasi tupu, nimeshatia sahihi na mhuri, ili watu wasije ofisini wakarudi bure. Wote walinishukuru. Leo nimembana, anasema alimpa mama mmoja karatasi nane.

Nakuomba usimwambie mtu kwanza. Kibarua changu kitaota nyasi, na hawa watoto nitawalisha nini? Niache nimtafute kimyakimya.

Mdogo wako

Machi 28

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Barua yako niliipata tarehe 24, nikaificha chini ya godoro siku nne kwa kukuonea huruma. Nilipika, nikapakua, nikala. Najionea aibu. Asubuhi hii nimempa mkuu barua yako, naye kaipeleka polisi. Kumbe makao mengine mawili nayo yametoa watoto kwa karatasi zako. Nenda kituoni mwenyewe ukamtaje muuza duka, kabla hajakimbia.

Dada

Mei 9

Mdogo wangu,

Natumaini huko mahabusu unapata usingizi, na kikohozi kimepungua. Wifi na watoto wamefika kwangu salama, wanakula.

Asante kwa kwenda kituoni. Muuza duka aliitaja nyumba ya yule mama, polisi wakaingia Aprili mosi. Walikuta wasichana wawili kwenye chumba kisicho na dirisha, wanaosha chupa, vidole vimechanika. Wako kwetu sasa. Wanasema Chiriku alikuwa nao, akawa anaongea na kila anayepita mlangoni, akahamishwa Machi 30. Hakuna anayejua wapi.

Ningesema siku ile ile, wangemkuta. Nimeipiga hesabu hii kila namna, haibadiliki. Tumempoteza sisi wawili, wewe kwa mhuri wako, mimi kwa mdomo wangu.

Usiniandikie tena kuniomba radhi. Wale wawili wananiuliza kila siku anakuja lini. Nawaambia bado.

Dada yako