Viazi Alivyovifukia Mama

Sepuka, Ikungi,
Singida.
14 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Theodora,

Hamjambo huko Makete? Shemeji Amosi kifua kimepona? Baridi yenu naijua, mwambie asijifanye kijana. Sisi tuko hai, namshukuru Mungu, ila hofu imenikaa mwilini haitaki kutoka. Ningepiga simu, lakini Mama yuko ubavuni kwangu muda wote na haya sitaki ayasikie.

Zile mbegu za viazi mviringo ulizotuma nilizitandaza juu ya kichanja kama ulivyonielekeza, penye mwanga bila jua kali. Zikatoa vichipukizi vifupi vinene, ngozi ikawa kijani kabisa. Bustani nyuma ya jiko nilishailima matuta na kuweka samadi. Nilikuwa nangoja mvua tu.

Mama alikuwa akipita pale akiguna. "We Rebeka, tangu lini kiazi kikapandwa? Kiazi hupandwa marando. Hicho ni chakula unakiozesha." Nikacheka. Alikuwa akiwaza viazi vitamu vyetu, vinavyopandwa kwa mashina yake, nami sikukumbuka kumwambia kuwa cha kijani ni sumu.

Nikaenda mnadani, Rahel wangu akabaki naye. Mtoto akalilia chakula. Macho ya Mama siku hizi ni ya shida, ule ukijani hakuuona, akavichoma vile viazi kwenye majivu ya moto na maganda yake. Rahel akasema vichungu, Mama akambembeleza kwa maziwa ya mgando mpaka akala.

Niliporudi nilimkuta mtoto anatapika, amelegea kama nguo mbichi. Tulipofika zahanati aliniangalia akaniita shangazi. Theodora, mwanangu hakunijua. Siku hizi amepona, anacheza, anakula, lakini akikohoa tu naruka.

Tuliporudi nyumbani, Mama alichukua viazi vyote vilivyobaki akavifukia kwenye yale matuta, mtoto asivione tena. Mvua ikanyesha. Asubuhi moja nikasikia akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Majani yalikuwa yametoka. Akasema ile sumu inamfuata mjukuu wake.

Tangu hapo kila yakirefuka anachukua jembe na kuyafukia, na kila akiyafukia yanarudi yamenenepa. Wewe uliniambia viazi hupandishiwa udongo hivyo hivyo ili visipigwe na jua. Hakuna shamba lililohudumiwa vizuri kama hili, naye anadhani analiua. Nimeogopa kumwambia. Nami ninayejua, nimeogopa hata kuling'oa jani.

Jana Rahel aliniuliza viazi vitaiva lini. Wewe unavipika kila siku: vitakavyotoka humo vikiwa vyeupe, kweli nimpe mwanangu ale? Andika jibu ambalo nitamsomea Mama, maana tangu siku ile hajampakata Rahel tena.

Nisalimie shemeji, Paulo na mama mkwe wako. Mungu awe mlangoni kwenu usiku na mchana.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Rebeka