Maneno Yangu Uliyoyafuta

Kijiji cha Umoja,
Njia ya Mpui,
Sumbawanga.
30 Novemba, 1975

Mpendwa mjukuu wangu Leonsi, mume wangu mtoro,

Mume gani anafika Sumbawanga mjini, analala huko, anakunywa chai dukani kwa Hamisa, kisha anapanda gari kurudi Dar es Salaam bila kumwona mke wake mzee? Usikatae. Hamisa mwenyewe ameniambia, na amesema umenenepa. Toka tuhamishiwe huku hujui hata nyumba yangu mlango umeelekea wapi. Kutoka mjini mpaka hapa ni asubuhi moja tu kwa lori. Ulifika karibu hivyo ukageuza, kama mtu aliyeona nyoka njiani.

Haya, nimeshakugombeza, sasa nakusalimu. Hujambo? Luciana mkeo hajambo? Mtoto ameota meno? Kile kifua chako kimepona, au bado unalala madirisha wazi? Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Mimi ni mzima, ila goti linauma mvua ikikaribia, na mvua imeshakuja.

Anayeandika ni Adela, binti wa mjomba wako Wilibrodi. Maneno yote ni yangu. Akilainisha hata moja nitajua, maana namwambia anisomee kila akimaliza mstari, naye anajua mkono wangu bado una nguvu.

Nataka tuzungumze habari za vitabu vyako.

Unakumbuka ile likizo kabla hujaanza kazi, ulipokuja nyumba ya zamani na sanduku limejaa vitabu vya Wazungu? Tulikuwa tunapukuchua maharage, wewe unasoma na kunigeuzia kwa Kifipa. Ulisema hivi ndivyo vilivyowafanya Wazungu wakawa Wazungu. Nikakuambia mimi nilidhani ni bunduki. Ulicheka mpaka ukamwaga maharage.

Kitabu kimoja kilisema ardhi ni ya yule aliyeitolea jasho. Nikasema huyo ni Mfipa, amepotea njia tu. Kisha nikakuuliza, mbona wenye kitabu hicho walipofika huku hawakuliona jasho letu? Ukakifunga kitabu. Nilikupenda ulipokifunga.

Lakini niliyempenda zaidi ni yule mzee wa Wayunani wa kale, aliyekuwa akizunguka sokoni bila viatu, akiwauliza wakubwa maswali mpaka wakakasirika wakamhukumu anywe sumu. Uliniambia hakuandika kitabu hata kimoja, walioandika ni wengine. Hapo nikamkubali kabisa. Nikajua kumbe hata mtu asiyeandika anaweza kuisumbua dunia. Ukasema rafiki zake walitaka kumtorosha, njia imeshaandaliwa, yeye akakataa. Ulipofika hapo ukafuta macho, ukasingizia moshi. Hakukuwa na moshi, Leonsi.

Sasa sikiliza.

Unajua kazi yetu: mvua zikielekea kwisha tunafukia majani kwenye matuta yaoze, mvua za mbele zikija tunayasambaza, tunapanda ulezi. Mwaka huu tulikuwa tumeshafukia. Mimi niliyafukia yangu mwenyewe, na goti hili hili. Mwezi wa tano tukaambiwa tupande lori. Huku tutalima shamba la pamoja, mahindi kwa mistari, kwenye udongo ambao haujala jani hata moja.

Sikukataa kuhama. Andika vizuri hapo, Adela. Kukaa karibu na watu nakupenda, zahanati naipenda, na maji ya bomba yakija nitayachezea ngoma. Lakini mkutanoni nilisimama nikauliza, kama yule mzee wako. Nilimuuliza Flavian, mwenyekiti wetu:

"Baba, yale matuta yaliyooza kule, atayala nani?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Ya mwezi wa tatu mwaka huu ndiyo zamani?"

Watu wakacheka, na walikuwa wanacheka na mimi. Nikamgeukia bwana shamba, nikamuuliza kama yeye ameshawahi kula ulezi uliotoka kwenye udongo mkavu kama huu. Akasema kwao wanakula ndizi. Nikamwambia ndiyo maana.

Flavian akataka nifute kauli, la sivyo nitaitwa mpinga maendeleo. Nikakataa kufuta. Na jambo lenyewe likaanza kuiva: wazee wa kamati waliguna, wakasema mama huyu ameuliza neno, watu waruhusiwe kurudi kulima matuta yao msimu huu mmoja, halafu basi. Flavian si mtu mbaya, anaogopa wakubwa tu. Akasema subirini, nikaulize mjini.

Akaenda mjini, akakukuta wewe, afisa wa mipango kutoka Dar es Salaam, umekaa dukani kwa Hamisa. Akakueleza yote. Na wewe ukamjibu: "Bibi ni mzee, akili zimechoka. Msimsikilize."

Hamisa alikuwa palepale anapima sukari. Nilimuuliza kama ni kweli, akaanza kunisifia kanga yangu. Nikaelewa.

Flavian alirudi akayasema mbele ya watu wote, na akaongeza kwamba aliyesema ni mjukuu wangu mwenyewe, msomi. Kijiji kizima kilicheka, na safari hii hawakucheka na mimi. Walicheka hata wale niliowazalisha. Swali langu likafia hapo. Sasa nikipita kisimani wananisalimu kwa sauti kubwa, polepole, kama wanasema na mgonjwa.

Adela amesimamisha kalamu. Anasema uliniokoa, kwamba watu wameshikwa kwa maneno madogo kuliko yangu, ndiyo maana ukasema vile. Andika, mtoto wewe. Najua aliniokoa. Woga wake na upendo wake vyote nimevilea mimi, nazijua sura zake.

Lakini yule mzee ulimlilia nini? Ulimlilia kwa sababu walitaka kumwokoa akakataa. Mimi hukuniuliza kama nakataa. Ulinifutia maneno yangu umekaa dukani, umeshika kikombe. Yeye walimuua kwa kuwa walimwogopa. Mimi umenifanya mtu wa kuchekwa. Ujasiri wa mtu aliyekufa zamani ni mtamu kuusoma. Wa bibi yako unakuaibisha kazini. Kama vitabu hivyo mnavisoma kwa ajili ya mitihani tu, ungeniambia siku ile, nisingekusikiliza mpaka maharage yakaisha.

Habari nyingine. Mbuzi wako mweusi alizaa pacha. Mmoja nimemla, usiulize. Mjomba wako ameacha pombe tena. Kule kwenye matuta magugu yameanza, lakini ulezi bado unawahi, hata mpaka Januari ukipandwa unatoka. Kamati haijakataa kabisa. Imeona aibu tu, na aibu hiyo umeitia wewe.

Nisalimie Luciana, sabuni yake ilifika na ina harufu nzuri. Mbusu mtoto mashavu yote mawili. Wilibrodi anakusalimu, Hamisa anakusalimu, na Adela anataka kuongeza salamu zake lakini nafasi ni yangu. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi, ila asikupe mwingi mpaka hili linyooke.

Mkutano wa kijiji ni Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, baada ya misa. Ukija usianzie kwangu. Shuka kwenye lori palepale ofisi ya kijiji, usimame mbele ya watu wale wale, useme kama bibi yako aliuliza neno au alikuwa anapayuka. Kama unaona nilikuwa napayuka, sema hivyo hivyo, ila uniangalie usoni. Ukimaliza, njoo ule. Vyovyote utakavyosema, nitakuwa nimesonga ugali.

Bibi yako akupendaye kwa hasira zote,
Kristiana