Sekunde Thelathini za Pampu

Jumatatu, 5 Februari

Sijamwambia mtu: daftari la klabu yetu ya shule lina uongo, na mwandiko ni wangu.

Ijumaa tulipozima gari letu dogo tulipaswa kupuliza hewa kavu ndani ya seli ya haidrojeni kwa dakika tatu. Seli ikitoa umeme, inatoa na maji. Yakibaki, yanaganda. Kaka Kitajima, kiongozi wetu, akazima pampu baada ya sekunde thelathini. Basi lingetuacha, alisema, andika tatu. Nikaandika! Hata sikubisha.

Leo asubuhi karakana ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Gari kimya. Maji yameganda ndani, utando wa seli umechanika.

Jumanne, 6 Februari

Lawama zote kwa Yasuhara, aliyehamia hapa Hokkaido mwaka jana kutoka Okinawa, kusini kusiko na theluji.

"Daftari linasema dakika tatu," Kitajima akasema. "Basi mpira wa pampu haukuingia vizuri. Nani aliushika?"

"Mimi, kaka. Lakini uliingia."

"Nyie wa kusini baridi mnaijulia kwenye friji!"

Wakacheka wote. Mimi nilitazama viatu vyangu. Najichukia.

Jumatano, 7 Februari

Bibi, kama kila jioni: "Umemwaga maji ya mabomba?"

"Ndiyo, Bibi."

Akaenda kufungua bomba mwenyewe, akatega sikio. "Ndiyo yako naijua."

Mabomba tunayamwaga tangu utotoni, yasigande usiku yakapasuka — sisi, wa huku! Halafu anachekwa Yasuhara!

Alhamisi, 8 Februari

Mwalimu Onodera ametangaza: Jumamosi, kwenye majaribio ya gari barafuni, kwa seli ya akiba, Yasuhara haendi. Kwanza awaombe wenzake radhi.

Yasuhara akasimama mbele, akainama. Radhi ya nini? Ya nini!

Nilichukua daftari. Nikakata ile "dakika 3" kwa mstari mmoja, isomeke bado. Chini yake nikaandika: "Sekunde 30. Aliyezima pampu: Kitajima. Aliyeandika uongo: Nagumo." Nikagonga muhuri wangu wa jina, ambao huku ndio sahihi, nikaliweka daftari mbele ya mwalimu.

"We Nagumo, kaa chini," Kitajima akanong'ona. "Usijitie wazimu."

Mwalimu alikuwa anatafuta miwani yake. Sikukaa. Nilikwenda mbele, nikasimama kando ya Yasuhara, ambaye alikuwa bado ameinama. Nikamwambia ainuke. Kisha nikainama mimi.