Moshi Ulioingia Maziwani

Jumamosi. Joto la leo Garissa si la kusimulia. Spana ukiisahau juani, utaiokota kwa kitambaa. Nimeoga mara mbili na bado nanuka dizeli. Moyo haujui ucheke au ulie.

Mama Halima anauza maziwa ya ngamia sokoni. Ngamia wa familia yao wako ng'ambo ya Mto Tana, chini kidogo ya mji, kwa hivyo kila alfajiri boti yake huteremka kuyachukua, kisha hupanda nayo kinyume cha mkondo. Injini ya boti hiyo, dizeli ya kizamani iliyofungwa katikati ya mbao, imezeeka. Sasa mto umejaa, na kwenye kona ya mwisho boti husimama: injini inalia, maji yanapita, nayo iko palepale. Maziwa yanafika yamechacha, na wateja wameanza kuhamia kwingine.

Aliniambia waziwazi: "Fundi, wallahi, maziwa ikichacha tena, mimi nauza hii boti."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa nimejigamba soko zima kwamba injini ile nitaifanya ipande mto kama gari. Boti ikiuzwa, nani ataniletea tena hata pikipiki? Nitafunga gereji nirudi kwetu Mwingi, ambako mke wangu amekuwa akinisubiri nishindwe.

Sitaki kurudi. Naupenda mji huu, joto na yote.

Basi nikaifungua injini yote. Silinda zikachongwa, nikatia pistoni kubwa zaidi na ringi mpya, valvu nikazisaga kwa mkono hadi zikakaa bila kuvuja. Hapo nguvu za ujana wake zilikuwa zimerudi, na mtu mwenye akili angeishia hapo.

Mimi sikuishia hapo.

Kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu inayozuia mafuta yasizidi. Nikaizungusha kidogo, injini ikanguruma. Nikaizungusha tena. Moshi ukatoka mweusi tititi, nami nikautazama kwa fahari. Mama Halima alipokuja, aliikagua injini jinsi anavyokagua ngamia mnadani: akaizunguka, akaipapasa ubavuni, akarudi nyuma kidogo. "Masha'Allah," akasema, "imenona."

Leo alfajiri tukateremka, mimi na Abdi, kaka yake Mama Halima, ambaye ndiye mshika usukani. Tukapakia mitungi ya maziwa nyuma kwenye kivuli, vifuniko tumevilegeza kwa sababu maziwa yaliyokamwa sasa hivi hufura ukiyabana. Huko nyuma ndiko bomba la moshi linakotokea. Hakuna aliyeliwazia. Upepo nao ulikuwa unatoka mgongoni, kwa hiyo moshi ukatusindikiza njia nzima.

Kwenye kona boti ikasita. Kisha ikapanda, polepole, halafu kwa kasi! Abdi akapiga kelele za furaha. Mimi nikaanza wimbo wa kanisani na yeye akanipigia makofi.

Tulifika jua likiwa bado changa. Maziwa mabichi kabisa. Wateja wakajaa.

Sasa, watu wa huku huvifukiza vyombo vya maziwa kwa kijinga cha mti maalumu, ili maziwa yakae na yawe na harufu nzuri. Ulimi wao unaujua kila mti. Mzee wa kwanza alionja, akafumba macho, akaonja tena.

"Mama Halima, hii umefukiza na mti gani?"

Mama Halima akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Huu mti hauko Garissa," mzee akaamua. "Labda Wajir."

Mama mmoja nyuma yake akanyakua kikombe, akapiga funda moja, akatema. "Mti gani? Hii ni lori!"

Soko likaangua kicheko. Abdi, niliyemwimbia wimbo mzima, alicheka kuliko wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kichwani nilikuwa tayari nafungasha spana zangu.

Mama Halima hakucheka. Alifunika mitungi mmoja mmoja, akanisogelea, akasema taratibu: "Fundi, mimi niliomba nguvu kwa boti. Wewe umeweka kwa maziwa."

Nikamwomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Boti imefika mapema. Siuzi. Lakini kesho, mbele ya watu wote, kikombe ya kwanza unakunywa wewe."

Naomba nikiri jambo. Miaka yote hii Garissa sijawahi kunywa maziwa ya ngamia. Wenyeji wanajua yanavyomwendesha mgeni tumbo, na wanapenda sana kusimulia.

Mchana kutwa nimekuwa ndani ya boti. Skrubu nimeirudisha hadi moshi ukafifia, na bomba nimelichomelea lingine refu linalotokea juu ya paa. Nguvu imepungua kidogo. Nadhani kona tutaipanda. Nadhani.

Wateja watakuwepo, nina hakika. Kicheko cha leo kimeshafika kila nyumba. Kesho hawatautazama mtungi, watautazama uso wangu. Nikinywa bila kuukunja, nimebaki Garissa.